Mashua Iliyotembea Nchi Kavu

Koboko, Alhamisi 3 Agosti 1995

Mvua tangu alfajiri. Jiko limejaa maji na kuku wameingia sebuleni bila mtu kuwafukuza.

Amekuja mtu wa shirika la misaada la Arua. Wanataka nijifunze mashine ya kuongozea vyombo vya majini, kisha niwafundishe watu wa mashua yao kule Rhino Camp, ile inayopeleka dawa ng'ambo ya mto na kurudi na wagonjwa. Nilimwuliza kwa nini mimi, mzee wa miaka sitini na minne asiyejua kuogelea. Akasema kitabu cha mashine kimeandikwa kwa Kiingereza kigumu, mabaharia hawakisomi, na tena wengi wao walipita mikononi mwangu nilipokuwa nafundisha Kiswahili na hesabu katika shule ya jeshi. Alisema hayo kama sifa. Niliwafundisha wanaume hao upatanisho wa ngeli kwa miaka mingi, na hadi leo wanasema "mutu iko". Sifa iko wapi?

Ningekataa, ila Hawah yuko ng'ambo. Hawah ni binti wa marehemu kaka yangu, nami ndiye niliyemlea tangu tulipokimbilia Zaire, jeshi letu liliposhindwa mwaka wa sabini na tisa. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa kisu katika hospitali ya Arua. Daktari alimwambia mbele yangu kwamba uchungu wa pili usimkute mbali na hospitali, maana kovu litapasuka na atakufa. Sasa ana mimba kubwa, na mumewe Kenyi amemweka kwenye kambi ya kukaushia samaki, ukingo wa mashariki, mahali ambapo barabara imekufa na njia ni maji peke yake.

Nimekubali. Mke wangu Rabia amefungasha nguo zangu kabla sijamwambia. Yeye ananijua.

Arua, Jumatatu 7 Agosti

Mafunzo yanafanyika katika chumba kinachonuka rangi mbichi. Mwalimu ni Okuonzi, kijana wa hapa hapa Arua aliyesoma Kampala na kurudi na miwani ya jua, ambayo huivaa ndani ya nyumba.

"Mzee Soka, hii kitu rahisi," alisema. "Unafinya hapa, unafinya hapa, mashua inajiendesha."

"Inajiendesha?"

"Hapana. Lakini karibu."

Mashine ni sanduku la ukubwa wa kopo la biskuti, lenye kioo cha kijivu na vitufe vya mpira. Ina antena ya duara kama bakuli lililofunikwa. Hiyo antena husikiliza setilaiti zilizoko juu, na ikizisikia nne, mashine hujua mahali mashua ilipo na kuionyesha kwa alama ndogo juu ya ramani iliyomo kiooni. Mtu anaweza kuweka alama zake pia, kama vile mlango wa gati au mwamba, kisha mashine ikamwelekeza kwenye alama hiyo. Jambo lenyewe si la kijinga. Ujinga uko katika namna Okuonzi anavyolieleza.

Jumatano 9 Agosti

Vitufe kutwa. Nikikosea, mashine hulia kama kifaranga. Nimeanza kuichukia sauti hiyo hata usingizini.

Rhino Camp, Jumatatu 14 Agosti

Tulikwama kwenye tope karibu na Ajia, tukashuka, tukasukuma. Okuonzi alibaki ndani ya gari ili "kulinda mashine".

Mtoni nilipokewa na Sulaiti, msimamizi wa mashua. Alikuwa koplo. Namkumbuka darasani: mtu wa kukubali kila kitu na kutojua chochote. Alikaza mwili, akapiga saluti, huku shavu lake limevimba kwa majani ya mairungi aliyokuwa akitafuna.

"Afande, karibu. Mashua iko tayari."

Nilikwenda kuitazama hiyo mashua iliyo tayari. Ndani yake kulikuwa na maji meusi yenye magamba ya samaki. Majaketi ya kuokolea watu yalikuwa na ukungu wa kijani, na katika mojawapo panya alikuwa amezaa. Nilimwonyesha.

"Ndiyo, afande," alisema.

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, panya iko."

Nimekosa hamu ya chakula cha usiku.

Jumanne 15 Agosti

Leo mashine imefungwa mbele ya usukani na tumeijaribu. Mto ulikuwa mtulivu, mpana, rangi ya chai ya maziwa, na kuta za mafunjo pande zote mbili. Tulikuwa katikati kabisa ya maji. Mashine ilionyesha kwamba tuko nchi kavu.

Sulaiti aliinama akatazama kioo kwa heshima kubwa.

"Afande, hii mashine nasema sisi iko ndani ya shamba ya mutu."

"Naona."

"Shamba ya mihogo. Ile ya Angelo. Sasa sisi nakanyaga mihogo yake."

Mabaharia wawili walicheka mpaka mmoja akaangusha ndoo mtoni. Okuonzi aliifinyafinya mashine, akaizima, akaiwasha, akasema setilaiti za leo si nzuri. Setilaiti si mboga, kwamba leo ni nzuri na kesho zimenyauka. Nimechukua kitabu cha maelekezo na kwenda nacho chumbani.

Ijumaa 18 Agosti

Nimepata. Ilinichukua siku tatu kwa sababu aliyeandika kitabu hiki hajui kumaliza sentensi.

Watu wa ofisi ya Kampala waliichora ramani ya mto ndani ya mashine kutoka kwenye karatasi ya zamani ya wapimaji. Wapimaji wa zamani walihesabu dunia kwa msingi mmoja, na setilaiti huihesabu kwa msingi mwingine. Kuna mahali pa kuiambia mashine ramani yake ni ya msingi upi. Hakuna aliyeiambia. Kwa hiyo mto wote ulichorwa pembeni ya mahali pake kwa umbali wa viwanja vitatu vya mpira. Nimeiambia. Leo mashua imeshuka kutoka shamba la Angelo na kuingia majini.

Kitabu kinasema jambo jingine la kuchukiza. Wenye setilaiti, ambao ni jeshi la nchi kubwa, huzivuruga makusudi ili raia wasipate mahali halisi. Mashine inaweza kukosea kwa mita mia moja hata ikiwa haina ubovu wowote. Niliwaeleza mabaharia.

"Ni sawa," alisema Sulaiti bila kushangaa. "Jeshi yao napata kweli. Sisi napata ile nabaki."

Jumapili 20 Agosti

Mvua. Paa la bati, kelele, unyevu hadi ndani ya vitabu.

Alhamisi 24 Agosti

Tumefika kambi ya Kenyi. Ni mwendo wa saa moja kwa injini, kwenda juu ya mto, kisha kuingia kushoto katika mfereji uliokatwa kati ya mafunjo. Niliweka alama kwenye mlango wa mfereji, nikaihakiki mara mbili.

Kambi inanuka. Nimeona kambi za wakimbizi, nimeona mahandaki, lakini sijawahi kuona watu wakiishi kwa hiari katika uvundo wa namna ile. Matumbo ya samaki yanatupwa hatua chache kutoka mahali pa kulala. Nzi wamekaa juu ya kila kitu, hata juu ya kope za watu, na watu hawajisumbui kupepesa.

Hawah alikuwa ameinama kwenye tanuri la moshi, tumbo likigusa magoti, akigeuza samaki kwa kijiti. Alifurahi kuniona. Miguu yake imevimba.

"Panda mashua," nilimwambia. "Leo hii."

"Baba, bado mwezi na zaidi. Nikiondoka sasa samaki wataharibika, na wale wa kambi ya pili wataiba."

Kenyi alikuja akijifuta mikono kwenye suruali. Ni mwanamume mkubwa mwenye sauti ndogo.

"Baba, mimi hapana kataa," alisema. "Lakini samaki iko kwa moto. Yeye nakwenda leo, nani nageuza samaki?"

"Wewe."

"Mimi nakwenda kwa nyavu."

"Basi samaki waungue."

Alinitazama kana kwamba nimesema mtoto aungue. Hatimaye tulikubaliana kuwa nitamchukua Hawah tarehe ishirini na tano Septemba, mwezi mmoja na siku moja kutoka leo, na Kenyi asiniletee hadithi nyingine. Niliondoka bila kunywa chai yao. Kikombe kilikuwa na gamba.

Jumatatu 28 Agosti

Mabaharia sasa wanaweza kuwasha mashine na kutafuta alama. Wanaiita "mwalimu mdogo". Sijacheka.

Jumamosi 2 Septemba

Naandika nikiwa nimeoga mara mbili na bado nanuka.

Tulitoka asubuhi na sanduku la barafu lenye chanjo za watoto wa ng'ambo. Mvua nyepesi, ukungu juu ya maji. Mimi nilisimama mbele ya kioo, Sulaiti akashika usukani. Tulipanda mto vizuri. Mashine ilipolia kwamba tumefika kwenye alama, nilitazama, nikaona kweli tumefika, nikasema: "Kushoto sasa."

Sulaiti alikata kushoto. Hakupunguza mwendo. Tukaingia katika ukuta wa mafunjo kwa nguvu zote za injini.

Mashua ilipanda juu ya mizizi, ikalala upande. Mabua yalitupiga nyuso. Mizizi ilizunguka panga la injini, ikakaza kama kamba. Kulikuwa na harufu ya matope yaliyooza tangu dunia kuumbwa, na kutoka ndani ya harufu hiyo walitoka mbu na mdudu mwekundu ambaye simjui, anayeuma chini ya kola. Tulikata mizizi kwa panga hadi mchana. Nilisimama ndani ya tope lile kiunoni, mimi, na suruali yangu ya pasi. Barafu iliyeyuka. Chanjo zote zimetupwa.

Tulipokwisha kujinasua, nilimwuliza Sulaiti kama hakuuona ukuta ulio mbele yake.

"Niliona, afande."

"Mfereji uko wapi?"

"Iko mbele kidogo. Mafunjo ilihama. Ile maji kubwa ya juzi ilikata kipande, ikaleta, ikafunga hapa. Sasa mlango iko mbele."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Kwa nini hukusema?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Afande hakuuliza. Afande alisema kushoto."

Hakuwa na aibu hata kidogo. Alikuwa ametii. Mabaharia wengine wawili walitikisa kichwa kwamba ndivyo, afande alisema kushoto, wao pia walisikia. Wote watatu waliuona ukuta, wote watatu walijua, na wakaenda kuugonga wakiwa wamenyamaza, kwa sababu miaka ishirini iliyopita mimi nilikuwa sajini na wao walikuwa koplo na askari wa kawaida. Vyeo hivyo havipo tena. Jeshi lenyewe halipo tena. Lakini hapa Koboko na Arua tunaitana afande sokoni, msikitini na vilioni, na hakuna anayemwambia mkubwa wake kwamba anakanyaga shimo.

Nilimtazama Sulaiti kama mtu anavyotazama chakula kilichooza alichokipika mwenyewe.

Jumapili 3 Septemba

Niliwakusanya kwenye gati baada ya chai.

"Tangu leo hakuna afande ndani ya mashua. Mashine inajua tulipo, kwa kukosea kidogo. Ninyi mnajua maji yalifanya nini jana. Nikitoa amri na wewe unaona sivyo, utasema hapana kabla sijamaliza kusema. Umeelewa?"

"Ndiyo, afande," alisema Sulaiti.

"Sema hapana."

"Hapana, afande."

"Hapana tupu."

Jasho lilimtoka kwenye paji la uso.

"Hii ni kitu mbaya," alisema mwishowe.

Jumamosi 9 Septemba

Sulaiti amesema hapana kwa mara ya kwanza. Nilimwambia aniongezee sukari.

Alhamisi 14 Septemba

Ameionja hiyo hapana na sasa haachi. Anapinga mwendo, anapinga mahali pa kutia nanga, anapinga namna ninavyokunja kamba. Asubuhi nilisema leo ni Alhamisi, akasema hapana, kisha akafikiri, akasema ndiyo. Mengi anayoyapinga hayajui. Tukikaribia mafunjo, hata hivyo, huwa hakosei mara nyingi, na leo ametuepusha na gogo. Kumvumilia ni kazi chafu kuliko kukata mizizi.

Okuonzi amerudi Kampala. Ameacha miwani yake. Nimeitupa ndani ya droo.

Jumatano 20 Septemba, na Alhamisi asubuhi

Nitaandika kwa mpangilio.

Jana tulikwenda ng'ambo kwa safari ya kawaida ya dawa. Tulipofika kambini, hapakuwa na mtu kwenye matanuri. Samaki walikuwa wameungua, weusi kama mkaa, na hakuna aliyewageuza. Kenyi alikuwa ameketi mlangoni pa kibanda akiwa ameshika kichwa.

"Tangu asubuhi," alisema. "Tumbo nakaza, naacha, nakaza."

Hawah alikuwa amelala juu ya gunia. Aliponiona alijaribu kujifunika.

"Baba, si wakati wake."

"Wakati wake ni huu. Kovu linauma?"

Alitikisa kichwa kwamba ndiyo. Alikuwa ameuma mdomo mpaka damu.

Kenyi alimbeba hadi mashuani peke yake, akamlaza juu ya majaketi. Tulikuwa hatujamaliza kutoka kwenye mfereji wakati mvua ilipoanguka. Ilianguka kama pipa lililopinduliwa. Mchana ukawa kijivu, ukingo wa mto ukapotea, ncha ya mashua yetu wenyewe ikapotea. Kenyi alivua turubai la mizigo, akalishika kwa mikono miwili juu ya mkewe, akasimama hivyo miguu imepanuka, upepo ukilivuta.

Njia ya kurudi ni kushuka mto, kisha kukata kushoto katika mlango wa Rhino Camp. Ukiupita mlango katika maji makubwa namna ile, mkondo unakuchukua, na kupanda tena kwa injini ile ni kazi ya saa nyingi. Hawah hakuwa na saa nyingi. Kila mtu mashuani alijua.

Nilikiinamia kioo na kukifuta kwa kiganja. Mashine ilikuwa inasikia setilaiti zake. Ilionyesha tunashuka upesi kuliko nilivyofikiri.

"Kushoto, taratibu," nilisema.

"Hapana," alisema Sulaiti.

"Alama iko mbele yetu."

"Hapana. Sikiliza."

Sikusikia kitu ila mvua. Yeye alitia injini kinyume, ikashindana na mkondo bila mashua kugeuka, tukabaki tumesimama katikati ya mto. Hawah alitoa sauti ambayo sitaiandika. Nilikuwa na neno la amri mdomoni. Nilikuwa nimelifungulia meno. Kisha kitu kikubwa kilitokea katika mvua upande wa kushoto, kirefu kama jengo la shule, kikitoa mlio wa mabua yanayosagana: kisiwa kizima cha mafunjo kilichokatika, kikielea, na korongo mmoja amesimama juu yake kama abiria. Kilipita mahali ambapo tungekuwa.

"Sasa," alisema Sulaiti. "Sasa kushoto. Mlango iko hapo."

Nilitazama kioo.

"Hapana," nilisema mimi. "Tulipokuwa tumesimama mto umetusukuma. Tumeupita mlango."

"Mimi naona miti ya gati."

"Unaona miti ya kijiji cha chini. Panda."

"Mashine nakosea mita mia, ulisema wewe mwenyewe."

"Inakosea mita mia. Wewe unakosea mita mia tano. Panda, Sulaiti."

Alinitukana. Alinitukana kwa Kinubi, lugha yetu ya nyumbani, tusi linalomhusu mama yangu, na akapanda. Tulibishana hivyo hadi mwisho: yeye anasema ukuta uko karibu, mimi nasema bado, mimi nasema sasa, yeye anasema hapana, subiri, maji yanazunguka. Baharia aliyekuwa mbele na mti wa kupimia kina akapaza sauti kwamba haoni mafunjo, anaona maji matupu mbele. Ulikuwa mlango.

Gari la shirika lilikuwa gatini. Kenyi alipolishusha turubai, mikono yake haikuweza kufumbuka. Ilibidi tumfungue vidole kimoja kimoja. Alipanda nyuma ya gari akamweka Hawah mapajani. Nilikaa mbele. Tope la Ajia halikutushika. Sijui kwa nini, na sikuuliza.

Arua, Ijumaa 22 Septemba

Walimpasua juzi jioni. Daktari alisema kovu lilikuwa limeanza kuachia, jembamba kama karatasi iliyolowa, na kwamba tungechelewa kidogo angeletewa maiti mbili. Hatazaa tena. Mtoto ni wa kike, mdogo sana, na analia kwa hasira. Hawah amekunywa uji.

Kenyi analala chini ya kitanda cha mkewe. Ananuka samaki hadi wauguzi wamelalamika. Nimempelekea sabuni. Hajaitumia. Leo alikuwa akimfuta Hawah miguu kwa kitambaa cha maji ya moto, kidole kwa kidole, polepole, na sikumwambia lolote kuhusu sabuni.

Jumatatu 25 Septemba

Leo ndiyo siku niliyokuwa nimeipanga.

Nilikuwa nimeketi kwenye benchi mlangoni pa wodi. Mfagizi alikuwa ametoka kupiga deki, sakafu inang'aa, mara ya kwanza kuona kitu safi tangu Agosti. Sulaiti akatokea mwisho wa ukumbi. Alikuwa amevaa buti za mpira, tope la mto limemfika magotini, na nyuma yake aliacha nyayo nyeusi moja baada ya nyingine.

Nikamwambia arudi nje akavue buti.

"Hapana," alisema, bila kusimama. "Kwanza mutoto."

Akanipita, akaingia wodini. Nilimsikia Hawah akicheka.

Nimemwomba mfagizi tambara lake, nikapiga magoti, nikafuta tope mwenyewe.